Prosesa Zipo, Njia Haipo

Kazi yangu ni kusimamia vituo vya data, na nimeifanya muda wa kutosha kukumbuka enzi ambazo watu wa seva na watu wa mtandao hawakujuana hata kwa majina. Mtu wa seva alifunga mashine kwenye raki, akaweka mfumo endeshi, kisha akaandika ombi la kufunguliwa VLAN, yaani mtandao uliotengwa ndani ya mtandao mkubwa. Ombi likaingia kwenye foleni ya watu wa mtandao, likakaa siku kadhaa, likarudi na swali, likaenda tena. Mashine inawaka taa, umeme inakula, kazi haifanyi. Tulipohamia kwenye mashine pepe, yaani kompyuta za programu zinazoishi ndani ya seva, mambo yakazidi kuwa magumu, maana mashine pepe unaiunda ndani ya dakika moja lakini mtandao wake uliendelea kusubiri foleni ileile.

Ndiyo maana wengi wetu tulilipokea kwa furaha wazo la mtandao unaoendeshwa na programu. OpenFlow, lugha ya programu kuziongoza swichi, ilipotoka Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 2008, hoja yake ilikuwa nyepesi kueleza: swichi ibaki na kazi ya kusukuma pakiti, yaani vipande vya data vinavyosafiri mtandaoni, na uamuzi wa pakiti kupita wapi ukae kwenye programu moja inayouona mtandao mzima, yaani kontrola. Mwaka 2010 NASA na Rackspace wakaanzisha OpenStack, programu huria ya kuendesha seva, hifadhi na mtandao wa kituo kama wingu moja. Mwaka 2012 VMware ikainunua Nicira, kampuni iliyozaliwa kutokana na utafiti ule wa Stanford, kwa zaidi ya dola bilioni 1. Kuanzia hapo ikawa kawaida kusikia habari za kituo kizima cha data kinachoendeshwa na programu, ambapo prosesa, kumbukumbu, diski na mtandao vyote vinaombwa kwa API, yaani mlango wa programu kuiomba programu nyingine huduma, na vyote vinatolewa papo hapo.

Foleni ya VLAN ikafa kweli, na siitamani irudi. Lakini kuna jambo halikujitatua lenyewe, nalo ndilo limenifanya niandike. Kipangaji, ile programu inayoamua kazi iende kwenye seva gani, kinaona prosesa na kumbukumbu. Kontrola ya mtandao inaona njia na pakiti. Zote mbili ni programu, zote zina API safi, na bado kila moja inafanya uamuzi bila kumuuliza mwenzake. Kipangaji cha kawaida cha Kubernetes, mradi wa kuendesha programu kwenye seva nyingi ambao Google iliutangaza mwaka 2014, huangalia maombi ya prosesa na kumbukumbu. Upana wa njia ya mtandao haumo katika hesabu zake za msingi. Kwake yeye mtandao upo tu, siku zote, na unatosha.

Mfano ninaoutoa kila ninapomfundisha mhandisi mpya ni wa kazi za uchambuzi wa data zilizokuwa zikianza usiku. Kila kazi iligawanywa vipande vingi, vipande vikatawanywa kwenye seva nyingi, na katikati ya kazi kulikuwa na hatua ambayo kila kipande humpelekea kila mwenzake sehemu ya matokeo. Wenye kazi wakalalamika kwamba inachelewa, wakaomba waongezewe prosesa. Tukaangalia: prosesa walizonazo zilikuwa zinatumika chini ya theluthi moja. Kumbukumbu ilikuwepo tele. Watu wa mtandao nao wakafungua grafu zao za wastani wa dakika 5, na njia zote zilionekana kutumika chini ya nusu. Kila upande ukasema kwangu shwari, na kila upande ulikuwa unasema kweli kwa kadiri ya kile unachokiona.

Tukaziendea swichi za raki zenyewe na kusoma vihesabu vya pakiti zilizotupwa, poti baada ya poti. Kila swichi ilikuwa na poti 48 za gigabiti 10 kwa sekunde zinazoshuka kwenye seva, na kebo 4 za gigabiti 40 zinazopanda kwenye swichi za mkongo, zile zinazounganisha raki na raki. Piga hesabu: seva za raki moja zinaweza kusukuma gigabiti 480 kwa pamoja, na njia ya kutokea nje ni gigabiti 160. Uwiano wa 3 kwa 1 si ubahili wala si kasoro. Vituo vingi vimejengwa hivyo, na vinafanya kazi vizuri mradi seva zote za raki zisitake kutoka nje kwa wakati mmoja. Kipangaji chetu kilikuwa kinahakikisha kwamba hilo ndilo linatokea. Kilitawanya vipande kwenye raki zote ili kusawazisha prosesa, kwa hiyo hatua ya kubadilishana matokeo ilipofika, karibu kila pakiti ililazimika kupanda kwenye mkongo.

Kulikuwa na tabaka la pili la tatizo, na hili ndilo grafu za dakika 5 zilikuwa zinalificha. Seva nyingi zikimtumia mpokeaji mmoja kwa pamoja, bafa ya poti ya mpokeaji, yaani kumbukumbu ndogo ambamo pakiti husubiri zamu, hujaa ndani ya milisekunde chache na pakiti zinazofuata hutupwa. Mtumaji aliyepoteza pakiti za mwisho za ujumbe wake hapati dalili yoyote ya kumshtua, basi hukaa kimya mpaka saa ya TCP, kanuni zinazohakikisha data inafika, imruhusu kutuma tena, na katika Linux kiwango cha chini cha kusubiri huko ni milisekunde 200. Katika mtandao ambao pakiti huenda na kurudi kwa muda usiofika milisekunde moja, milisekunde 200 ni muda mrefu mno. Bafa imejaa kwa kufumba na kufumbua, kisha njia inakaa tupu huku kila mtu anasubiri. Ukichukua wastani wa mjazo ule na utupu ule kwa dakika 5, unapata njia iliyotumika chini ya nusu.

Hata zile kebo 4 za kupandia hazikuwa zinagawana mzigo kama tulivyodhani. Swichi huchagua kebo kwa kukokotoa namba kutoka kwenye anwani na namba za poti za mtiririko, yaani mfululizo wa pakiti za mawasiliano yaleyale, na mtiririko wote hubaki kwenye kebo hiyohiyo mpaka uishe. Mitiririko midogo mingi hujisawazisha. Mikubwa michache inaweza kuangukia kebo moja huku jirani yake ina nafasi. Tulikuta kebo imejaa na ya pembeni yake imepumzika, kwenye swichi ileile, saa ileile.

Hatukununua kitu. Tulimpa kipangaji ramani ya raki, tukamwelekeza vipande vya kazi moja avikusanye kwenye raki moja kadiri inavyowezekana, na vikizidi viende kwenye raki mbili, si kila mahali. Kontrola nayo tukaipa kazi ya kutambua mitiririko mikubwa na kuihamishia kwenye kebo yenye nafasi. Kazi za usiku zikaanza kwisha mapema, na ombi la kuongezewa prosesa likafutwa na walioliandika.

Habari zikaenea, na mara timu ya huduma inayowahudumia wateja moja kwa moja ikataka nayo ikusanywe kwenye raki moja ili iwe na kasi. Tulikataa, na hapa naomba msomaji anisikilize vizuri, maana watu wengi wakishaonja faida ya ukaribu huusambaza kila mahali. Raki moja kwa kawaida ina swichi yake ya juu. Swichi hiyo ikizima, kila kilichomo kwenye raki hiyo kimepotea kwa wakati mmoja. Kazi ya usiku ikipotea unaianzisha upya. Huduma ya wateja ikipotea, imepotea mbele ya watu. HDFS, mfumo wa kuhifadhi mafaili kwenye seva nyingi, imekuwa na busara hii tangu zamani: kati ya nakala tatu za data, kwa mpangilio wake wa kawaida moja hukaa kwenye seva iliyoandika, na mbili zilizobaki hukaa kwenye raki nyingine, moja, katika seva mbili tofauti. Ukizima raki yoyote data inabaki, na bado pakiti hazivuki mkongo mara nyingi kuliko inavyohitajika. Kwa hiyo kipangaji hakiwezi kuwa na kanuni moja. Lazima mwenye kazi aseme kazi yake ni ya aina gani, vipande vyake vinazungumza na nani, na inavumilia kupoteza nini. Maelezo hayo yapo kichwani mwa waandishi wa programu, na wasipoulizwa hawayasemi.

Tukio jingine lilinifundisha kwamba hata pande mbili zikianza kuonana, zinaweza kuumizana. Tulikuwa na programu ya kusawazisha seva: ikiona seva imeelemewa, inahamisha mashine pepe kwenda kwenye seva nyepesi bila kuizima. Upande wa mtandao nako kontrola ilikuwa inahamisha mitiririko kutoka njia nzito kwenda njia nyepesi. Kila moja ilikuwa imejaribiwa peke yake na kufaulu. Tulipoziwasha pamoja, usiku wenye mzigo mkubwa zikaanza kufukuzana. Msawazishaji wa seva anahamisha mashine yenye gigabaiti 64 za kumbukumbu. Kwa njia ya gigabiti 10, kunakili kumbukumbu hiyo peke yake kunachukua sekunde 51 hivi njia ikiwa tupu kabisa, na mashine inapoendelea kuandika kwenye kumbukumbu, kurasa, yaani vipande vya kumbukumbu, zilizobadilika zinakiliwa tena na tena. Kontrola inaona mtiririko mkubwa umezuka, inahamisha mitiririko mingine kuupisha. Huduma za wale waliohamishwa zinachelewa kidogo, maombi yanarundikana kwenye seva zao, msawazishaji wa seva anaona seva hizo zimeelemewa, anaanza kuhamisha mashine kutoka huko pia. Walikuwa kama watu wawili waliokutana mlangoni, kila mmoja akimpisha mwenzake upande uleule.

Dawa ilikuwa kuwapa kasi tofauti na kumfanya mmoja amtangulie mwingine. Kontrola ya mtandao ikaachwa ijibu kwa sekunde, maana kubadili njia ni jambo dogo na linarudishika. Msawazishaji wa seva akatakiwa asubiri, aone hali imedumu kwa dakika kadhaa kabla hajagusa kitu, na kabla ya kuhamisha mashine aombe ruhusa ya njia: niko hapa, nataka kwenda pale, nina gigabaiti kadhaa, je, kuna nafasi? Uhamisho ukapewa kikomo cha kasi ili usiwabane wateja. Mashine inayoandika kwenye kumbukumbu haraka kuliko njia inavyoweza kubeba isihamishwe kabisa saa hizo, kwa sababu haitafika. Sijakutana na mfumo wenye waamuzi wawili wa kasi moja ukatulia wenyewe, na nikiona mchoro wa namna hiyo kwenye pendekezo la mradi, hilo ndilo swali langu la kwanza.

Mpangilio wa nani aanze nao una uzito wake. Katika OpenStack, Nova ndiyo inayounda mashine pepe na Neutron ndiyo inayoshughulikia mtandao. Nova huandaa mashine kisha husubiri Neutron iitaarifu kwamba poti imeunganishwa, ndipo iiwashe. Kwa mpangilio wa kawaida husubiri hadi sekunde 300, na taarifa isipofika huhesabu kwamba kuunda mashine kumeshindikana. Nimeona mafundi wakizima kusubiri huko ili mambo yaende haraka. Mashine inawaka, inaomba anwani ya IP kabla njia haijawa tayari, haipati jibu, inakata tamaa. Kwenye orodha imeandikwa kwamba inafanya kazi, na hakuna anayeweza kuifikia. Kosa la namna hiyo ni baya kuliko mashine iliyoshindwa waziwazi, kwa sababu hakuna king'ora kinacholia.

Lakini kusubiri nako kuna mtihani wake, na huonekana siku umeme umekatika na kurudi. Mamia ya mashine yanataka kuwaka kwa pamoja. Wakala wa mtandao kwenye kila seva anazipanga poti foleni, foleni inavuka zile sekunde 300, mashine zinaandikwa kuwa zimeshindwa, na mifumo ya wateja iliyotengenezwa ijaribu tena yenyewe inaongeza maombi mapya juu ya yale ya zamani. Kituo kilichokuwa na nguvu zote kinashindwa kuamka. Tunachofanya ni kuamsha kwa mawimbi: kwanza huduma za mtandao wenyewe, yaani kontrola, DHCP inayogawa anwani na DNS inayotafsiri majina, kisha hifadhi ya data, kisha hifadhidata, mwisho programu za wateja. Kila wimbi linasubiri lililotangulia litulie. Kontrola zetu ni tatu ili moja ikianguka mbili zibaki na wingi wa kura, na swichi zimepewa kanuni zake mapema badala ya kuuliza kontrola kila mtiririko mpya unapokuja. Hivyo kontrola zikizima zote, pakiti za kazi zilizopo zinaendelea kupita. Kinachosimama ni mabadiliko.

Kuna jambo dogo ambalo limekula usiku wa wahandisi wengi, nalo ni ukubwa wa pakiti. VXLAN, njia ya kuunda mitandao pepe iliyochapishwa katika waraka wa RFC 7348 mwaka 2014, ilitutoa kwenye kikomo cha VLAN 4094 ikatupa mitandao pepe zaidi ya milioni 16. Inafanya hivyo kwa kuifunga pakiti ya mteja ndani ya pakiti nyingine, na kifungashio hicho kinaongeza baiti 50. Watu wa seva wanatengeneza mashine zenye kikomo cha kawaida cha baiti 1500, watu wa mtandao wameacha swichi kwenye 1500 hiyohiyo, na pakiti iliyojaa haipiti tena. Dalili yake ukishaijua huisahau: ping, jaribio la kuona kama mashine ipo, inajibu, SSH ya kuingilia mashine kwa mbali inafungua na kuuliza nywila, kisha unaomba orodha ndefu ya mafaili na skrini inaganda. Pakiti ndogo zinapita, kubwa zinapotea kimya. Ama unapandisha kikomo cha swichi, wengi huweka karibu na baiti 9000, ama unawaambia wateja watumie 1450. Chochote utakachochagua, kiandikwe mahali pamoja ambapo mwenye kutengeneza mashine na mwenye kusimamia swichi wote wanasoma.

Kuhusu kuweka akiba ya njia, mambo yamesogea. Toleo la OpenStack la mwaka 2019 lililoitwa Stein liliwezesha kuiombea poti kiwango cha chini cha upana wa njia, na hesabu yake ikakaa kwenye huduma ileile ya Placement inayohesabu prosesa na kumbukumbu. Nilifurahi sana, kwa sababu kwa mara ya kwanza seva yenye prosesa nyingi na kadi ya mtandao iliyojaa inaweza kurukwa kabla kazi haijapelekwa. Bado hesabu hiyo inaishia kwenye kadi ya seva. Msongamano wa mkongo haumo. Kwa mkongo tunategemea kontrola, na funzo kubwa nimelipata kwa Google, waliochapisha mwaka 2013 maelezo ya B4, mtandao unaounganisha vituo vyao vya data. Waliweza kuzijaza njia nyingi karibu asilimia 100, na wastani wa muda mrefu ukafika asilimia 70. Siri yao haikuwa vifaa pekee. Walijua trafiki ipi inaweza kungoja. Nakala kubwa za data zinajaza nafasi zilizobaki, na kazi yenye haraka ikija, nakala hupisha. Nasi tumegawa trafiki yetu kwa makundi yanayofanana na hayo, na sehemu ngumu ilikuwa kukaa na kila timu na kukubaliana, maana hakuna timu iliyokuja ikisema yetu inaweza kusubiri.

Mazungumzo hayo yaliwezekana tu kwa sababu tulivunja ule ukuta wa vyumba viwili. Zamu ya usiku sasa ina mtu mmoja wa seva na mmoja wa mtandao, wanatazama skrini moja, na grafu ya prosesa ya kila kazi imewekwa juu ya grafu ya pakiti zilizotupwa za swichi inayoihudumia. Kila robo ya mwaka tunapitia poti na anwani ambazo mashine zake zilifutwa zikabaki, kwa kuwa upande mmoja ukifuta na mwingine usisikie, anwani huisha huku seva zina nafasi.

Mtihani wa sasa ni kazi za kufundisha modeli kubwa za akili bandia kwa GPU, prosesa zinazofanya hesabu nyingi kwa pamoja. Vipande vya kazi hizi hubadilishana matokeo katika kila hatua, na hakuna anayesonga mpaka wa mwisho amalize. Kiungo kimoja kizito kati ya mamia kinazipunguza kasi GPU zote, na hizo ndizo mashine ghali kuliko kitu chochote kwenye jengo. Humu kipangaji hakiwezi kugawa prosesa kwanza na kutafuta njia baadaye. Ama kazi inapata GPU zake zote pamoja na njia zake, ama inangoja. Kabla hatujaikabidhi kazi kundi la seva, tunaendesha kwanza jaribio fupi la kubadilishana data kwenye kadi na kebo zilezile itakazozitumia. Kiungo kikionekana kiko nyuma ya wenzake, kontrola ya mtandao inaiwekea seva hiyo alama, kipangaji kinaisoma alama na kuchagua seva nyingine, na fundi anakwenda kusafisha kiunganishi cha nyuzi au kubadilisha kebo kabla seva haijarudishwa kwenye orodha.